Bastola na Drili Zake: Namna ya Kufanya Mazoezi Nyumbani na Renji Bila Kuchoma Pesa

Wacha nianze na jambo ambalo wauza risasi hawatalipenda: sehemu kubwa ya kujifunza bastola inafanyika bila risasi hata moja. Nenda renji yoyote, yaani uwanja wa kupigia shabaha, wikendi utaona watu wa aina mbili. Kuna yule anamaliza boksi nzima ya 50 kwa dakika kumi, karatasi imejaa matundu kuanzia kichwani mpaka miguuni, anaikunja, anaenda kunywa soda, mwezi ujao anarudi akiwa vilevile. Halafu kuna mwingine pale pembeni na risasi zake 30, kila akipiga tano anaenda kuangalia karatasi, anaandika kitu kwa daftari, anarudi. Huyo wa pili baada ya miezi sita hutamtambua, na ametumia nusu ya pesa ya yule wa kwanza.

Huu mwongozo ni wa mtu ambaye tayari ana leseni, ana bastola yake halali, iwe ya michezo au ya kujilinda, ameshapita mafunzo ya mwanzo na mkufunzi na sasa amekwama pale kati, si mgeni lakini si mzuri pia. Kama hujawahi kushika bastola kabisa, tafuta mkufunzi kwanza, kusoma hakutoshi. Na sheria ni sheria: Kenya mambo haya yako chini ya Firearms Act, sura ya 114, na leseni inatoka kwa Firearms Licensing Board, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kila nchi ina yake. Risasi za ukweli zinapigwa renji iliyoidhinishwa tu, si shambani kwa mjomba kule ushago.

Kanuni nne, na hizi hazina mjadala

Zinatokana na mafundisho ya Jeff Cooper, yule Mmarekani aliyebadilisha kabisa namna watu wanavyofundishwa bastola, na karibu kila renji duniani wanazitumia kwa namna moja au nyingine. Moja, kila bunduki ichukulie kwamba ina risasi. Mbili, usielekeze mtutu kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Tatu, kidole nje ya triga (kile cha kubonyeza ufyatue) mpaka saiti, vile vilengeo viwili vya juu ya bastola, ziwe kwenye shabaha na umeamua kupiga. Nne, jua unachopiga na kilicho nyuma yake.

Unaona ya kwanza? Watu wengi wanaumia nyumbani, si renji, na sentensi ya mwisho kusikika kabla ya mlio ni ileile, "haina kitu hii". Kwa hivyo kabla ya drili yoyote tupange chumba kwanza.

Kupanga chumba cha mazoezi makavu

Mazoezi makavu, wengi wanayaita draifaya, ni kufyatua triga chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ikiwa tupu kabisa. Fanya hivi kila siku kwa mpangilio uleule, usiruke hatua hata kama una haraka, manake ukiwa na haraka ndiyo siku mbaya ya kufanya.

Kwanza toa magazini. Halafu vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma, risasi iliyokuwa chembani itoke, ifunge slaidi ikiwa nyuma, angalia ndani ya chemba kwa macho, halafu ingiza kidole kidogo uguse, manake macho yanaona yanachotaka kuona. Rudia mara ya pili. Sasa chukua risasi zote, zilizokuwa kwenye magazini na hiyo moja, peleka chumba kingine ufungie kwenye sefu au droo yenye kufuli. Si mezani wala mfukoni, chumba kingine. Rudi, angalia chemba tena.

Shabaha yako iwe kwenye ukuta ambao unaweza kusimamisha risasi ikitokea lisilotarajiwa, ukuta wa mawe au tofali uliojazwa vizuri na nyuma yake hakuna mtu anayelala wala kupita. Ukuta wa mbao, gipsamu au dirisha sahau. Kwenye ghorofa fikiria jirani. Watoto wasiwe chumbani, simu izime, TV izime.

Fanya dakika kumi mpaka kumi na tano. Ukishamaliza sema kwa sauti "nimemaliza", ondoa shabaha ukutani, na hapo usifanye "moja ya mwisho". Hiyo moja ya mwisho ndiyo imetoboa kuta nyingi za watu, mtu ameshamaliza, ameweka risasi tena, halafu akili inamwambia hebu jaribu kidogo tu. Shabaha ikishaondoka hakuna kitu cha kujaribu.

Kuhusu bastola yenyewe: nyingi za kisasa kama Glock hazidhuriki na draifaya, ila za .22 zile zenye kugonga ukingo wa risasi usizifyatue tupu, pini ya kufyatulia inaweza kugonga chuma cha chemba ikaharibu. Wenye CZ 75 za zamani nunueni risasi bandia, zile za plastiki za rangi kali, manake kuna kipini kinachoshika pini ya kufyatulia kinaweza kuchoka ukifyatua tupu sana. Risasi bandia ni nzuri kwa kila mtu kwa sababu utazihitaji renji pia. Zinunue za rangi ambayo haifanani na risasi ya kweli hata gizani na usizichanganye kwenye boksi moja.

Mshiko kabla ya yote

Sitaki kukaa sana kwenye kusimama, simama kama mtu anayetaka kusukuma gari lililokwama, miguu upana wa mabega, uzito mbele kidogo, yatosha. Mshiko ndio wenye kazi.

Mkono wa nguvu upande juu kabisa nyuma ya mpini, pasiwe na nafasi kati ya nyama ya mkono na chuma. Mkono wa pili ujaze ile nafasi iliyobaki upande wa pili wa mpini, kiganja kiguse, vidole vinne chini ya kinga ya triga, vidole gumba vyote vimeelekea mbele. Hapo watu wengi wanalalamika slaidi haikai nyuma risasi zikiisha, wanapeleka bunduki kwa fundi, kumbe ni gumba limelalia ile lachi inayoishika slaidi nyuma. Angalia gumba lako kwanza kabla ya kulaumu chuma.

Nguvu nyingi zitoke mkono wa pili, ule usiofyatua. Mkono wenye triga ukibana sana kidole cha triga kinakakamaa na vidole vingine vinafinya pamoja nacho. Na kifundo cha mkono kiwe imara, kikilegea bastola inaweza kukwama katikati kwa sababu slaidi haina kitu cha kusukumana nacho.

Sasa hesabu moja ambayo ukiielewa itakuokoa miaka. Kwenye bastola kama Glock 19, umbali kati ya saiti ya nyuma na ya mbele ni kama sentimita 15. Ukiwa mita 10 na triga yako ikasukuma saiti ya mbele ihame milimita 1 tu ndani ya ile nafasi ya saiti ya nyuma, risasi itaangukia karibu sentimita 6 na nusu mbali na ulipolenga. Lakini mikono ikitetemeka bastola yote pamoja ikahama sentimita 1 huku saiti zimekaa sawa, risasi inahama sentimita 1 hiyohiyo. Kwa hivyo ule mtetemo unaokusumbua, unaokufanya usubiri saiti itulie halafu ubonyeze haraka "sasa hivi!", si adui. Adui ni kule kubonyeza haraka. Kubali mtetemo, endelea kubonyeza taratibu, risasi itaenda.

Drili za nyumbani

Ya kwanza ni ukuta. Simama karibu na ukuta mtupu usio na alama, mtutu uwe sentimita mbili tatu kutoka ukutani bila kugusa. Hakuna shabaha. Kwa kuwa hakuna cha kulenga, macho hayana pa kwenda ila kwenye saiti ya mbele. Bonyeza triga mpaka igonge, ukiangalia kama saiti imeruka, imezama, imekwenda kushoto. Ikisogea, hiyo haihesabiki. Tafuta kumi safi, si kumi tu. Mara ya kwanza utashangaa, unaweza kudhani umeshika samaki hai. Usichoke, siku ya nne ya tano hivi inaanza kutulia.

Wenye Glock na bastola za aina hiyo, baada ya kufyatua mara moja triga inabaki nyuma imekufa, itabidi uvute slaidi kidogo tu, karibu sentimita moja, irudi, si lazima kuvuta yote. Wenye bastola za nyundo kama CZ mnaweza kukoki kwa gumba, lakini fanyeni pia ile triga ndefu ya kwanza, nyundo ikiwa haijakokiwa, manake siku ya mashindano risasi ya kwanza mara nyingi inatoka kwa triga hiyo na wengi wanaipoteza.

Ya pili ni sarafu. Mwenzako akuwekee sarafu ya shilingi juu ya slaidi nyuma kidogo ya saiti ya mbele (usijaribu kujiwekea mwenyewe huku umeshika kwa mkono mmoja na kidole kiko karibu na triga, na huyo mwenzako asimame pembeni na nyuma yako, mkono wake usipite mbele ya mtutu hata sekunde moja). Fyatua bila sarafu kuanguka. Ukishaweza kwa mikono miwili, fanya mkono wa nguvu peke yake, halafu mkono dhaifu peke yake. Hapo wa kushoto ndipo heshima inapovunjika kwa wengi wetu.

Ya tatu inaonekana kama inapingana na hizo mbili na ndiyo maana watu hawaifanyi. Washa taima ya simu, kuna programu nyingi za bure zinazotoa mlio kwa wakati usiotabirika. Saiti ziko kwenye shabaha, kidole kinagusa triga bila kubonyeza. Mlio ukisikika, bonyeza papo hapo, haraka kadri unavyoweza, saiti zisisogee. Ukibonyeza taratibu peke yake miaka yote utakuwa mzuri sana wa kubonyeza taratibu, basi, na siku taima inalia kwenye mashindano kidole kinarudi kunyakua. Nusu ya dakika zako za triga ziwe taratibu, nusu ziwe hivi.

Ya nne, kuchomoa kutoka holsta, ule mfuko wa kubebea bastola. Kwanza kabisa, kama unabebea mbele ya tumbo au hukufundishwa kuchomoa na mkufunzi, usijifunzie hapa, nenda ufundishwe. Kwa wenye mafunzo, vunja vipande: mkono wa nguvu unashuka kushika mpini na mshiko unakamilika hapohapo ndani ya holsta, mkono wa pili uko kifuani usije ukapita mbele ya mtutu, bastola inapanda juu moja kwa moja na mtutu unageukia shabaha, mikono inakutana kifuani, inasukuma mbele mpaka saiti zitokee machoni. Kidole kiko kwenye fremu safari yote hiyo. Anza bila taima kabisa, halafu weka sekunde 3, halafu 2 na nusu, na ukiona mshiko unaanza kuharibika rudi nyuma. Kasi ya kuchomoa haitokani na mkono kukimbia, inatokana na kutorekebisha mshiko njiani.

Kurudisha kwenye holsta ni polepole siku zote, ukiangalia kwa macho kama shati au kamba ya jaketi imeingia. Hakuna mashindano yanayompa mtu pointi kwa kurudisha haraka, na ajali nyingi za paja zinatokea hapo.

Ya tano, kubadilisha magazini na kutatua kukwama, tumia risasi bandia. Bastola ibaki juu mbele ya uso, usiishushe kiunoni ukaanza kuitazama kama simu. Kidole cha shahada cha mkono wa pili kilale mbele ya magazini mpya kiguse risasi ya juu, kitakuongoza kwenye tundu hata bila kuangalia sana. Kukwama: gonga chini ya magazini, vuta slaidi kwa nguvu yote uachie, endelea. Mara kadhaa kwa wiki inatosha.

Karatasi ya shabaha ya nyumbani punguza kipimo. Ukichapisha shabaha ya robo ya urefu na robo ya upana wa kawaida na kusimama mita 2 na nusu, machoni inakuwa sawasawa na ile kubwa ikiwa mita 10. Sebule ya kawaida inatosha.

Renji: risasi 50 zinatosha

Masikio na macho kwanza. Mlio wa 9mm unafika kama desibeli 160 karibu na mpigaji na madhara ya sikio kwa milio ya ghafla yanahesabiwa kuanzia 140, kwa hivyo pamba haisaidii, vaa za kweli, na kama renji imefunikwa vaa za ndani na za nje pamoja. Miwani hata kama huna shida ya macho, maganda ya risasi yanaruka.

Uliza ofisa wa renji nini kinaruhusiwa. Renji nyingi haziruhusu kuchomoa kutoka holsta wala kupiga haraka haraka kwa mtu asiyejulikana, hapo utaanzia bastola ikiwa mikononi, mtutu umeinama kuelekea chini mbele yako, na drili nyingi hapa chini zinafanyika hivyo bila shida.

Risasi tano za kwanza ni za baridi. Usijipashe moto, usifyatue za kujaribu. Mita 7, karatasi mpya, tano taratibu, halafu zungushia kalamu uandike tarehe. Hiyo ndiyo hali yako halisi, kile unachoweza kufanya bila kujiandaa, na ukiziweka karatasi hizo za miezi mitatu pamoja utaona kama unapanda au unajidanganya.

Kumi zinazofuata ni za kuchanganya na bandia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kama ungeniambia nichague drili moja tu ya renji ningechagua hii bila kufikiri. Mwenzako akujazie magazini bila wewe kuona, risasi za kweli na bandia zimechanganywa ovyo. Wewe piga kama kawaida. Ukifika kwenye bandia, triga inagonga "ta" na hakuna mlio, na hapo mtutu wako utasema ukweli wote: ukizama chini ghafla, ulikuwa unasukuma kupambana na teke la bunduki kabla halijaja. Ndiyo ile wapigaji wa mkono wa kulia risasi zao zinajaa chini kushoto, wanaanza kurekebisha saiti, wanapeleka saiti kulia, mwishowe bunduki haijui inaelekea wapi na saiti hazikuwa na kosa lolote.

Ukizama, simama. Safisha chemba, fyatua tupu mara tano kuelekea shabaha, halafu endelea na moja ya kweli. Usikasirike na usijaribu kujikaza kwa nguvu, kule kushtuka ni mwili unaogopa mlipuko sentimita hamsini kutoka usoni, ni jambo la kawaida, linapungua kwa kurudiwa. Angalizo la usalama: umesikia "ta" na huna uhakika ilikuwa bandia, mtutu ubaki kwenye tuta la kuzuia risasi, subiri sekunde 30 kabla ya kuvuta slaidi, huenda ni risasi iliyochelewa kulipuka. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, kama "pu", acha palepale, toa magazini, safisha, angalia ndani ya mtutu kama risasi imekwama, manake ukipiga nyingine nyuma yake bastola inaweza kupasuka mkononi.

Kuna ule mchoro unaoning'inizwa renji nyingi, duara limegawanywa vipande kila kipande kinasema kosa lako, "gumba sana", "kidole kidogo". Usiuamini sana. Ulianzia kwa wapigaji wa mkono mmoja wa mtindo wa zamani, na kwa mikono miwili majibu yake yanachanganya. Video ya simu ya mwenzako akikurekodi kutoka pembeni ina thamani zaidi.

Zile 35 zilizobaki chagua drili moja ya alama kila ukienda. Usifanye zote, utachoka na za mwisho zitakuwa takataka.

Dot Torture ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa kati, japo hiyo inataka risasi 50 peke yake kwa hivyo siku hiyo acha zingine. Ni karatasi yenye duara kumi za inchi 2, karibu sentimita 5, unasimama yadi 3 tu. Ndiyo, yadi 3, watu wanacheka mpaka wanapoanza. Duara la kwanza tano taratibu. La pili unachomoa unapiga moja, mara tano. La tatu na la nne unachomoa, moja hapa moja pale, mara nne. La tano, tano za mkono wa nguvu peke yake. La sita na la saba, mbili hapa mbili pale, mara nne. La nane, tano za mkono dhaifu, hapo ndipo karatasi nyingi zinakufa. La tisa na la kumi, moja, badilisha magazini, moja, mara tatu. Jumla 50, hakuna taima, kila iliyo nje ya duara umeipoteza. Ukipata 50 kwa 50 unasogea nyuma yadi moja na huruhusiwi kusogea kabla ya hapo. Kama renji hairuhusu kuchomoa, anza kila moja mtutu ukiwa chini.

Bill Drill, yenye jina la Bill Wilson ambaye pia alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa IDPA, chama cha kimataifa cha mashindano ya bastola za kujilinda, mwaka 1996, ni ya kujifunza teke la bunduki. Yadi 7, risasi sita haraka kwenye eneo la katikati la shabaha, zote sita zibaki ndani. Si ya kila siku na si ya mtu ambaye bado anazama kwenye bandia. Lengo ni kuona saiti ikipanda na kurudi kila risasi, ukimaliza uweze kusema kila moja ilikuwa wapi. Kama hukuona kitu ila moshi na kelele, ulikwenda haraka kuliko macho yako, punguza. Piga jozi mbili mbili kwanza, halafu nne, ndipo sita.

El Presidente ya Jeff Cooper, tangu miaka ya 1970, inatumia shabaha tatu kwa yadi 10, nafasi ya yadi moja kati yake. Unaanza umezipa mgongo, mlio, unageuka ndipo unachomoa, mbili kila moja, badilisha magazini, mbili kila moja tena, 12 kwa jumla. Sekunde 10 na zote katikati ndicho kilikuwa kipimo cha zamani cha mpigaji mzuri, leo mabingwa wanafanya karibu nusu ya hapo. Hii ifanye ukiwa na ofisa wa renji nyuma yako tu, na kumbuka unageuka mwili kwanza, bastola inatoka baadaye. Ukichomoa huku unageuka, mtutu unapita kwa kila mtu aliyesimama pembeni na utafukuzwa, kwa haki.

Kwa wale wanaotaka mashindano, na hapa Kenya IDPA imeshika sana, renji ya Kirigiti kule Kiambu imekuwa ikikaribisha mechi zake, kipimo chenu ni kile cha 5 mara 5. Shabaha moja, yadi 10, risasi 25 zimegawanywa mizunguko minne: tano za kawaida, tano mkono wa nguvu peke yake, mzunguko wa tatu tano, slaidi inafunga nyuma, badilisha magazini, tano tena, mwisho nne mwilini moja kichwani. Zote unaanzia holsta. Kila pointi unayopoteza inaongezwa sekunde moja kwenye muda wako. Fikiria hapo. Risasi iliyoangukia eneo linalokupotezea pointi tatu imekugharimu sekunde tatu nzima, na hakuna binadamu anayeokoa sekunde tatu kwa kubonyeza haraka zaidi mzunguko huo. Kwa mtu wa kati hesabu iko wazi, duara la katikati la inchi 8 ndilo linalipa.

Macho

Kwa saiti za chuma macho yawe kwenye saiti ya mbele, iwe kali, shabaha ya nyuma iwe na ukungu kidogo. Kwa saiti ya nukta nyekundu ni kinyume, angalia shabaha, nukta itajitokeza yenyewe, ukiitazama nukta utakuwa unaikimbiza siku nzima. Wazee wenye miwani ya kusomea, ile saiti ya mbele haionekani vizuri na miwani ya mbali, mwambieni daktari wa macho umbali wa mkono ulionyooshwa, au hamieni kwenye nukta, si aibu.

Jua pia jicho lako kuu ni lipi. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia hapo, funga jicho moja moja. Lile linaloendelea kukiona ndilo. Kama ni kinyume na mkono wako, geuza kichwa kidogo au sogeza bastola ije mbele ya jicho hilo, hakuna haja ya kubadilisha mkono.

Ratiba ya mtu mwenye kazi na familia

Siku nne kwa wiki draifaya dakika kumi na tano: ukuta na sarafu siku moja, triga ya taima siku nyingine, kuchomoa na magazini siku ya tatu, ya nne mkono mmoja mmoja. Renji mara moja au mbili kwa mwezi na boksi moja. Daftari liandike tarehe, umbali, zile tano za baridi zilikaa ndani ya sentimita ngapi, drili gani, alama ngapi, na sentensi moja ya ulichohisi. Usiandike "poa sana". Andika "mkono wa kushoto, zote chini". Hiyo ndiyo itakuambia Jumatatu uanzie wapi ukutani.

Ukiona wiki mbili mfululizo alama zimeshuka, mara nyingi umeanza kukimbilia kasi, rudi kwenye bandia na ukuta. Na ukiwa umechoka, umekasirika au umekunywa hata bia moja, acha bastola kwenye sefu siku hiyo.

Ukitoka renji osha mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula au sigara, manake mabaki ya risasi yana madini ya risasi, yale yenye sumu. Usile ukiwa kwenye mstari wa kupigia. Nguo ulizopigia zifue peke yake, na viatu viache nje ya mlango, hasa kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa.